Ulimi Mzima

Fundi wa lifti na shemeji yake walianza kula pamoja kwa sababu ya ugomvi. Wakati ule Fundi alikuwa anamposa dada wa mtu huyo, nesi wa wodi ya watoto, na kaka mtu hakutaka hata kusikia. Kaka mtu alikuwa mwalimu wa jiografia, mrefu, mkavu, na alitembea na kijiko chake mwenyewe kwenye mfuko wa shati kwa kuwa hakuamini vijiko vya migahawani. Wanafunzi walimwita Kijiko, na jina likamganda mpaka nyumbani kwao. Dada yake alipomlilia sana, Kijiko akasema sawa, atakutana na huyo fundi, ila wakutane mezani. Akampeleka kwenye mgahawa wa Kihindi nyuma ya kiwanda cha magodoro, akaagiza mchuzi mkali kuliko yote iliyokuwepo, na akakaa kumtazama mposaji akitokwa na machozi.

Fundi alitokwa na machozi kweli. Kisha akafuta sahani kwa kipande cha mkate, akapenga kamasi, akamwita mhudumu na kuomba mwingine.

"Kumbe unajua kula," Kijiko alisema.

"Huu una kitu. Siyo pilipili tu. Kuna mbegu wamezikaanga kavu kwanza, kabla ya kutia mafuta."

Wakamwita mpishi. Zilikuwa mbegu za giligilani. Posa ikapita.

Tangu hapo Jumamosi zao zikawa za kula. Kijiko alikuwa amefundisha ramani za dunia maisha yake yote bila kupanda ndege hata ya kuzunguka uwanja, kwa hiyo kwake kila mgahawa ulikuwa nchi. Alipiga honi nje ya geti saa za alasiri na kupaza sauti: "Shem! Leo tunakwenda Lebanoni!" Na Fundi alitoka amenawa grisi mpaka viwiko, shati jipya, mate yakimjaa mdomoni kabla hata hajafunga mlango wa gari. Kijiko alipenda kumtania kwamba yeye Fundi ndiye msafiri mkubwa kuliko wote mjini, ila anasafiri kwenda juu na kurudi chini tu.

Mwalimu alikuwa na maneno, Fundi alikuwa na ulimi. Wakiletewa supu, Kijiko aliweka mikono mezani na kungoja kama mtu aliyeko mahakamani, na Fundi alionja, akatazama dari, akaanza kutaja: tangawizi, uyoga mkavu, siki kidogo, kitu cha baharini kilichochachushwa. Wakiuliza jikoni, mara nyingi alikuwa amepatia. Nyumbani alijenga rafu ndefu pembeni ya jiko na kuijaza chupa na mikebe: mafuta ya ufuta, sosi nyeusi, viungo vya umbo la nyota, mchaichai mkavu, pilipili za kusaga zenye rangi ya matofali. Mkewe aliiita rafu ile maabara. Siku Fundi alipoingia maabara, yeye nesi alifungua madirisha yote na kwenda kukaa kibarazani na redio.

Hamu haikumtoka kwa kishindo. Ilianzia palepale nyuma ya kiwanda cha magodoro. Siku hiyo Kijiko alikuwa anasimulia ugomvi wa walimu kuhusu ratiba, na Fundi alikuwa anawaza breki ya lifti ya jengo la bima, ambayo ilikuwa inachelewa kushika. Alipoangalia chini, sahani ilikuwa tupu. Alikuwa amekula chote na hakukumbuka hata tonge moja. Akasema moyoni kwamba ni uchovu.

Baadaye ikawa mikate ya Walebanoni na rojo zao za mbilingani. Kisha ule mgahawa mdogo wa Wakorea, ambao zamani aliuota usingizini, akaamka na kumsimulia mkewe ndoto ya kabichi. Vyakula vya Waitaliano hakuwahi kuvililia sana, kwa hiyo hakujua vilimtoka lini. Mwisho ilibaki supu ya Mama Tambi.

Mama Tambi lilikuwa jina walilompa wenyewe. Alikuwa bibi wa Kichina mwenye mgahawa wa meza chache juu ya duka la vipuri, na Kiswahili chake kilikuwa kifupi na kikavu, hakina neno la ziada. Supu yake ilichemka tangu asubuhi. Fundi aliwahi kusema kwamba akifa wamwagie kijiko kimoja mdomoni, na asipofumbua macho, basi wazike. Alasiri moja aliinama juu ya bakuli lile, mvuke ukampiga usoni, akaonja, akangoja. Akaonja tena. Ilikuwa ya moto. Ilikuwa na chumvi ya kutosha. Ni hayo tu aliyoweza kusema.

Chakula chenyewe hakikuwa kibaya. Kingekuwa kibaya angekuwa na la kusema, na Fundi alijua kulalamika vizuri. Hakikumchefua, hakikumkwaza. Kilipita. Ilikuwa kama ganzi ya daktari wa meno, ile ya kugusa shavu lako na kuhisi unagusa shavu la mtu mwingine, ila yeye mdomo wake ulikuwa mzima na ulifanya kazi.

Hakumwambia mtu. Alijifunza kufumba macho kwenye kijiko cha kwanza, kuguna "mmh", kutikisa kichwa taratibu, na kusema, "Leo wamepania." Kijiko alikuwa anaongea mno, hakugundua. Mwaka mzima na ushei ukakatika hivyo.

Aliyegundua ni mkewe. Nesi hawezi kukaa na mtu anayepungua asimwone. Kwanza aliona mkanda wa suruali umetobolewa tundu jipya. Kisha akaona kwamba wiki zinapita na madirisha ya jikoni hayajafunguliwa.

"Baba Watoto, unakula wapi siku hizi?"

"Hapa. Na kwa Kijiko Jumamosi."

"Hapa unachokoa. Mimi nakuuliza unapokula."

Fundi akaelewa swali lilikuwa linaelekea wapi. "Mama Watoto, mimi na umri huu na magoti haya?"

"Magoti hayana uhusiano. Nijibu."

"Sili popote," akasema. Mkewe akamtazama machoni kwa muda, kama anavyomtazama mtoto anayedai tumbo linauma siku ya mtihani, akaona hakuna uongo pale. Hapo ndipo alipoogopa.

Akampeleka hospitali anakofanya kazi. Wakampima damu, sukari, tezi ya shingo. Daktari kijana alimpaka matone kwenye ulimi kwa vijiti vya pamba, na Fundi akataja bila kusita: chumvi, sukari, ndimu, dawa ya malaria.

"Ni uchungu tu, siyo dawa ya malaria," daktari akasema huku anacheka. "Ulimi wako mzima, mzee. Harufu pia unasikia. Una mawazo?"

"Ya kazi."

"Unalala?"

"Nalala."

"Una huzuni?"

Fundi akajikagua kwa uaminifu, jinsi anavyokagua mtambo kabla ya kuweka saini. "Hapana," akasema. "Sidhani."

Wakampa vitamini.

Baada ya hapo alifanya jambo ambalo yeye aliliona la kawaida kabisa. Jumapili moja mchana, mkewe akiwa zamu, alishusha vitu vyote vya maabara, akafuta chupa vumbi, akavipanga ndani ya maboksi na kumpigia simu binti yao aje avichukue. Binti alikuwa ameolewa karibuni na alikuwa akiitamani rafu ile tangu utotoni. Alikuja mbio. Alipofungua boksi la kwanza na kuona mpaka mafuta ya ufuta yamo, na kisu cha baba chenye mpini wa mfupa, furaha ikamkauka usoni.

"Baba, vyote?"

"Vitaharibika hapa."

"Hata kisu?"

"Kisu hakiharibiki. Lakini kinakaa bure."

Binti akabeba maboksi. Alipofika kwenye kona ya mtaa akasimamisha gari na kumpigia mama yake kazini, analia.

Jioni nesi alirudi kabla zamu haijaisha, na sare yake, na viatu vya wodini miguuni. Akapita moja kwa moja jikoni. Akaitazama rafu tupu, na alama za duara ambazo chupa ziliacha kwenye mbao. Kisha akaenda chooni, akafungua kabati la dawa, akatia kila kitu kwenye mkoba wake. Fundi alikuwa sebuleni anatengeneza swichi ya taa ya mezani. Mkewe akakaa mbele yake, magoti kwa magoti.

"Nimekaa na wagonjwa miaka yote hii," alisema. "Mtu anayegawa vitu vyake namjua. Kwa hiyo nakuuliza na wewe utanijibu. Unataka kujiua?"

Fundi aliweka bisibisi chini. Hakukasirika. Alifikiri kwa makini, kwa kuwa mkewe alistahili jibu la kweli.

"Hapana," akasema. "Kesho nina lifti mbili."

Nesi akaanza kucheka, kicheko kikageuka katikati, akajikuta analia kwenye bega lake, na Fundi akampapasa mgongo, akisikia kitambaa kigumu cha sare chini ya vidole. Alijua anampenda. Alijua vilevile kwamba zamani, mkewe akilia hivi, kitu fulani kifuani kilikuwa kinapinduka. Akangoja kipinduke. Mkewe akajifuta pua, akaenda kurudisha dawa kabatini.

"Umwambie kaka yangu," akasema akiwa huko.

"Nimwambie nini?"

"Hilo. Unalolijua wewe."

Hakumwambia, na siku ya Kijiko kustaafu ikafika.

Sherehe ya shule ilikuwa asubuhi, na zawadi ya saa ya ukutani, na hotuba. Lakini sherehe yenyewe, kwa maneno ya Kijiko, ilikuwa jioni kwa Mama Tambi. Alikuwa amechukua mgahawa mzima. Meza ziliunganishwa, walimu wenzake wakaja na waume na wake zao, binti wa Fundi na mumewe wakaja, nesi akavaa gauni la kijani. Mama Tambi mwenyewe alitoka jikoni kuhesabu vichwa, akarudi kwenye sufuria zake. Na supu ilipoletwa, kabla mtu hajagusa, Kijiko akasimama na kijiko chake mkononi, akakigonga kwenye glasi.

"Mimi nimefundisha dunia," alisema. "Milima, mito, miji mikuu. Vijana wengi hapa mjini wanajua mji mkuu wa Mongolia kwa sababu yangu, na sijui umewasaidia nini." Walimu wakacheka. "Lakini dunia yenyewe sikuwahi kwenda kuiona. Nimeila. Na sikuila peke yangu. Huyu mnayemwona, shemeji yangu, aliyeniibia dada, ndiye ulimi wangu. Mimi nilikuwa nasoma ramani, yeye ndiye aliyefika." Akamgeukia Fundi. "Shem, wafanyie. Wafanyie ile yetu."

Watu wakapiga makofi. Nesi alimtazama mumewe. Fundi akachukua kijiko, akaonja, akatazama dari kama zamani.

"Mifupa ya kuku," alianza. "Kuku mzee. Tangawizi, haikumenywa, imepondwa na ganda lake. Uyoga mkavu. Ganda la chungwa lililokaushwa." Akaonja tena. "Na sukari ya mawe, chembe tu. Leo kuna kitu kipya. Tende nyekundu."

Mama Tambi alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni. "Ndiyo," akasema. "Tende. Kwa sherehe."

Ukumbi ukalipuka. Mwalimu wa hisabati akapiga mluzi. Kijiko alikuwa anang'aa, amewageukia wageni na mikono wazi, kana kwamba tende zile kaziotesha yeye. "Si niliwaambia? Haya Shem, malizia. Hukumu! Utamu wake ukoje?"

Fundi alifungua mdomo aseme wamepania. Neno lilikuwa tayari, amelitumia mara nyingi, lisingemgharimu kitu. Akamwona Kijiko anangoja, macho yamemlowa, kichwa kimeinama upande mmoja. Hakuweza.

"Sijui," akasema.

"Hujui nini?"

"Utamu wake. Sijui, Shem. Najua kilichomo. Utamu siusikii."

Watu walidhani ni utani, na wawili watatu wakacheka. "Tangu lini?" Kijiko aliuliza, bado nusu anatabasamu.

"Zamani kidogo. Kabla ya mvua za mwaka juzi."

Tabasamu likaisha. Hapo Mama Tambi akaja mezani, akipenya kati ya viti, akamnyang'anya Fundi kijiko na kuonja supu kutoka kwenye bakuli lake, mbele ya watu wote. Akaimung'unya. Akameza.

"Supu nzima," akatangaza. Akamgonga Fundi kifuani kwa kidole kimoja, mara moja, si kwa nguvu. "Wewe ndiyo mbovu." Akarudi jikoni.

Karamu iliendelea kwa sababu chakula kilikuwa kinaendelea kuja. Kijiko alikula akizungumza na upande wa pili wa meza. Wageni walipoanza kuaga, alimkuta Fundi chini barabarani, mbele ya duka la vipuri lililofungwa.

"Kila Jumamosi," Kijiko alisema. "Nilikuwa napiga honi, unatoka, unavaa shati safi. Unafumba macho. 'Leo wamepania.' Ulikuwa unanichezea?"

"Nilikuwa nakuja kwa ajili yako."

"Sikukuomba huruma! Mimi nilidhani tuko wawili pale. Kumbe nakula na maiti."

"Usiniite maiti," Fundi akasema. "Dada yako ataogopa."

Kijiko akamtazama, akatikisa kichwa, akaondoka na saa yake ya ukutani kwapani.

Jumamosi iliyofuata honi haikulia, wala ile ya baada yake. Kijiko alimpigia simu dada yake akazungumza naye mambo ya nyumba na mbolea ya bustani, na akakata bila kumuulizia mumewe. Habari zikaja kwamba ameonekana kwa Walebanoni na yule mwalimu wa hisabati. Nesi alimletea Fundi habari hizo kwa uangalifu, kama anayebadilisha bandeji, akingoja aone patatoka damu wapi.

"Yule ana kidonda cha tumbo," Fundi akasema. "Atapata shida na vitunguu saumu."

"Haikuumi?"

"Sijui, Mama Watoto. Ikiniuma nitakwambia."

Akaanza kuchukua kazi za Jumamosi. Majengo ya ofisi yalikuwa tupu siku hiyo, lifti zilisimama wazi zikimngoja, naye aliteremka kwenye shimo, akapaka kamba za chuma mafuta, akakaza, akapanda na lifti mpaka juu na kurudi. Alikula mayai ya kuchemsha na mkate kutoka kwenye mkebe. Alikula pale tumbo lilipomkumbusha, kama mtu anavyochaji simu. Hakukosa kitu. Ila alasiri, popote alipokuwa, mikono yake iliacha kazi yenyewe na kuanza kutafuta kitambaa cha kufutia grisi. Alikuwa anajikuta anajifuta mpaka viwiko, hana anakokwenda.

Binti alikuja siku moja na bakuli la tambi alizopika kwa viungo vya boksi. Alikaa amtazame baba yake akila. Baba akala zote. "Umeweka viungo vya nyota vingi mno, kimoja kingetosha," akamwambia, na binti akaandika kwenye simu yake, na hakuuliza swali jingine, na baba alimshukuru kwa hilo.

Mvua zilikuwa zimeanza tena honi ilipolia getini. Ilikuwa Jumamosi ambayo jengo la bima lilikuwa limefungwa kwa kupakwa rangi, kwa hiyo Fundi alikuwepo nyumbani. Alitoka na kandambili na shati la kazi.

Kijiko alishusha kioo cha gari robo tu, mvua isiingie. "Sijaja kukupeleka kula," akasema.

"Sawa."

"Nakwenda kula mimi. Yule wa hisabati haongeleki naye. Anakula anatazama simu, halafu anakunywa dawa ya tumbo mezani, kwenye chupa, mbele za watu."

"Nilijua."

"Ulijua na hukusema. Ndiyo tabia yako." Kijiko akatazama mbele, vifuta mvua vikienda na kurudi. "Panda, unalowa."

Wakaenda nyuma ya kiwanda cha magodoro. Mhudumu alileta sahani mbili kwa mazoea, Kijiko akazivuta zote upande wake. Fundi akaomba chai. Kijiko alikula taratibu, akieleza mambo ya kustaafu: kwamba anaamka saa zilezile za kengele, kwamba amevaa tai siku moja akaivua mlangoni, kwamba ramani zake zote ziko chini ya kitanda na hajui azipe nani. Mara mojamoja alisimama katikati ya habari na kusema mchuzi ukoje. Ukali unachelewa leo, alisema, unakuja kwa nyuma, kooni. Fundi alisikiliza kama mtu anayesikiliza redio ikitangaza hali ya hewa ya mji wa mbali. Hakuhisi kitu. Lakini hakutaka izimwe.

Nje mvua iliongezeka. Mhudumu akavuta pazia la plastiki.

"Unachoka?" Kijiko akauliza.

"Hapana."

"Unafurahi?"

Fundi alifikiri. Chai ilikuwa ya moto, na kikombe kilikuwa kizito kidogo mkononi.

"Nimekaa tu, Shem."

"Basi kaa," Kijiko akasema, akageuka kumwita mhudumu amwongezee mkate.